Kuku wa Betri wa Binamu Yangu

Mimi ni mwoga. Nalisema mwanzo kabisa ili asiwepo mtu wa kusoma hadi katikati akitarajia ushujaa. Wengine katika ukoo wetu walizaliwa na sauti nzuri, wengine na mkono wa kupika. Mimi nilizaliwa na roho ndogo, na sijaibadilisha hadi leo.

Tena woga wangu ulikuwa na mambo yake. Nyoka sikumwogopa sana, wala mbwa, wala mashetani wa pangoni ambao wenzangu waliwasimulia mpaka wakashikana mikono. Niliogopa vitu vya umeme na betri. Tulikuwa tukikaa Changamwe, baba akifanya kazi bandarini Kipevu, na jirani yetu alikuwa na televisheni isiyo na rangi. Akiizima, picha yote ilinywea ikawa nukta moja nyeupe katikati ya kioo, na nukta ile ilichukua muda kuondoka. Watoto wengine walikuwa wameshatoka mbio kwenda kucheza. Mimi nilibaki nimekodoa macho, maana nilikuwa na hakika kwamba msomaji wa habari na wale waimbaji wote wamebanwa mle ndani ya nukta, na kwamba siku moja hawataweza kutoka.

Ndugu yangu mmoja alipoazima redio ya kaseti akaninasa sauti bila mimi kujua, kisha akanichezea, nililia hadi nikatapika. Yule mtoto aliyekuwa akiongea ndani ya redio alikuwa na pua iliyoziba, na alijua mambo yangu. Walinicheka mwaka mzima. Hata zile gemu za mkononi za kupanga vitofali, ambazo watoto waligombania mpaka wakararuana mashati, mimi nilizishika mara moja tu. Vitofali vilianza kushuka kwa kasi, nikamrudishia mwenyewe nikasema sina muda.

Sasa mtu wa namna hii ndiye aliyepewa kuku wa betri.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, likizo ya Agosti, nami nilikuwa na miaka kumi. Likizo zote nilipelekwa Kisauni, mtaa wa Magogoni, kwa nyanya yangu mzaa baba. Katika ua huo huo wa nyanya alikaa shangazi yangu na mumewe na binti yao wa pekee, ambaye alinizidi mwaka mmoja. Binamu yangu huyo alikuwa na kila nilichokosa. Alikuwa mwepesi wa hesabu, mwepesi wa kujibu, na hakuogopa kitu. Aliwahi kufungua saa ya mkononi ya babake kwa kisu cha jikoni ili aone kinachoisukuma mishale, na alipokamatwa alieleza alichokiona mpaka babake akasahau kumchapa.

Lakini moyo wake ulikuwa mgonjwa. Ilianza kwa maumivu ya koo, yakaja magoti kuvimba, kisha akawa hawezi kupanda ngazi tatu za baraza bila kukaa kitako kwenye ile ya pili. Tuliambiwa kwamba mlango mmoja wa moyo wake haufungi sawasawa, na kwamba Nairobi kuna madaktari wa kuutengeneza. Yeye mwenyewe aliambiwa ni jambo dogo, kama kutogwa masikio. Utalala, utaamka, utaletewa soda.

Mimi nilisikia mengine. Siku tatu kabla ya safari yao nilikuwa nimekaa kwenye mbuzi nyuma ya mlango wa jikoni nikikuna nazi, na shangazi akaingia kwa upande wa pili kuzungumza na nyanya. Hakujua nipo. Alisema daktari hakuahidi. Alisema daktari amewaambia atajaribu, na kwamba wasipojaribu mtoto hatamaliza mwaka, lakini si kila aingiaye hutoka. Kisha akalia, na nyanya naye akalia, na mimi nikaacha kukuna kwa kuogopa nisisikike. Nazi ile ilinibaki mkononi mpaka walipotoka.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Nililala karibu na binamu yangu kwenye kitanda kimoja, nikasikiliza pumzi zake, na kila zilipokawia kidogo nilimgusa kwa kidole cha mguu.

Kuku wa betri alikuja naye kutoka Dubai mumewe shangazi, ambaye alikuwa baharia. Kilikuwa kidude cha plastiki chenye umbo la yai, cha buluu, kina mnyororo wa funguo, vitufe vitatu na kioo kidogo kama ukucha wa dole gumba. Ndani ya kioo mlikaa kuku. Ukweli ni kwamba hakufanana sana na kuku. Alikuwa nukta nyeusi zilizopangwa zikapata macho na mdomo, lakini alikuwa ametoka kwenye yai mbele ya macho yetu, kwa hivyo tukamwita kuku. Alikula, alicheza, alichafua, aliumwa akataka sindano, na ikifika wakati wake alilala ukamzimia taa. Kila siku aliongeza mwaka mmoja. Akitaka kitu alilia kwa sauti nyembamba. Njaa yake ilionyeshwa kwa mioyo minne. Ikiwa mitupu alikuwa na njaa, na ukimlisha ilijaa mmoja mmoja. Ukimwacha ikakaa mitupu muda mrefu, alikufa.

Jumamosi waliyoondoka binamu yangu alinivuta chumbani, akanivisha mnyororo kidoleni. Alinionyesha tena kila kitufe, ingawa nilikuwa nimemtazama akivibonyeza siku tano nzima. Kuku alikuwa na miaka mitano.

"Yeye akikaa mpaka nirudi," alisema, "na mimi nitarudi."

Alilisema kwa wepesi, vile alivyosema mambo yote. Huenda alikuwa akinitania tu, maana alijua ninavyoogopa. Lakini mimi nilikuwa nimesikia maneno ya jikoni. Nilitazama ile mioyo minne iliyojaa kwenye kioo, na tangu saa ile sikuona tena michoro. Niliona moyo wa binamu yangu, uko mkononi mwangu, na unataka kulishwa.

Waliingia kwenye teksi kwenda stesheni. Sikupunga mkono. Nilikuwa nikimlisha kuku.

Siku za kwanza zilikuwa za mateso, nakiri. Asubuhi watoto wa mtaa wote tulikwenda chuoni kusoma Qurani, tangu saa mbili hadi adhuhuri, na kwenda na mdoli wenye macho chuoni lilikuwa kosa la kuomba radhi mbele ya wote. Mwalimu wetu alikuwa mtu mpole, lakini kuhusu sanamu na picha za viumbe hakuwa na upole. Alikuwa ametwambia kwamba aliyetengeneza sura ataambiwa siku ya kiyama aitie roho, na hataweza. Mimi sikuwa nimemtengeneza kuku yule. Hata hivyo nilimtunza, na sikuwa na hakika aliyetunza ataulizwa nini. Kwa hivyo nilimwacha nyumbani chini ya mto, nikakaa chuoni nikitikisa kichwa juu ya juzuu bila kujua ninasoma nini. Nikirudi nilikuta mioyo mitupu na uchafu umejaa kioo. Nililisha na kusafisha nimejifunika shuka mchana kweupe, na nyanya akaniuliza kama nina homa.

Siku ya nne nikaenda kwa fundi wa redio. Alikuwa na kibanda cha mabati karibu na stendi, mtu wa bara aliyekuja pwani kutafuta kazi akabaki, na mezani kwake mlilala redio na televisheni zimepasuliwa matumbo. Kumfikia tu ilikuwa kazi, kwa mtu kama mimi. Nilisimama mlangoni, nikamwamkia, nikamwomba anisaidie nisimuue kuku. Hakucheka. Alikichukua kile kidude, akakigeuza chini ya taa yake, akabonyeza vitufe kwa kucha. Akanieleza kwamba ukifungua mahali pa kurekebisha saa, kila kitu ndani husimama. Kuku hali, hachafui, hazeeki. Ukirudi unaweka saa ilivyo, unafunga, naye anaendelea alipoachia.

Nilitoka pale karibu nilie kwa furaha. Kumbe kulikuwa na njia ya kusimamisha mauti kwa vitufe viwili.

Kesho yake nikaanza. Asubuhi kabla ya chuo nilifungua mahali pa saa, kuku akasimama. Adhuhuri nilirudi, nikatazama saa, nikaiweka, nikafunga.

Saa niliyoitazama ilikuwa ya nyanya. Ilining'inia ukutani ukumbini, ya mbao, yenye funguo, na ilikwenda vizuri sana. Lakini nyanya hakukubali kuwa na saa inayosema moja wakati watu wanasema saba. Kila magharibi, adhana ikilia, alipanda kigodani akaleta mishale yote miwili juu, kumi na mbili barabara, kama babake alivyokuwa akifanya. Ikiwa ni saa saba mchana, mshale mfupi ulikuwa kwenye saba. Wale wa kusoma saa moja huku wakisema saba aliwaita watu wa kupinda maneno. Shuleni Changamwe tulikuwa tumefundishwa kusoma saa kwa njia zote mbili, na nilipata alama zote. Ila pale sikuwa shuleni. Nilikuwa nyumbani kwa nyanya, na haikunipitia akilini kwamba mnyama wa nyumba ile atakwenda kwa saa nyingine isiyokuwa ya nyumba ile. Nilibonyeza mpaka ikaja saba, nikafunga.

Papo hapo kuku akalala.

Nilidhani amechoka. Nikamngoja. Jua lilikuwa la utosi, majirani wanaanika nguo, na yeye amefumba macho anakoroma zile alama zake juu ya kichwa. Sikuweza kumlisha, maana aliyelala hali. Ilipofika alasiri akaamka, akala, akacheza, nikashusha pumzi. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Siku ya tatu vilevile. Nikaanza kuingiwa na hofu mpya, kwa sababu binamu yangu naye, wiki zile za mwisho kabla hajaondoka, alikuwa akilala mchana kutwa na kuamka alasiri akitaka kucheza. Niliona ugonjwa wake umehamia kwa kuku. Au wa kuku umehamia kwake, sikujua upi umetangulia.

Habari za Nairobi zilikuja kwa simu ya jirani, wakala wa kutoa mizigo bandarini, ambaye nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Ilikuwa simu ya kuzungusha, nayo ilitiwa kufuli dogo ili watu wasipige, lakini kupokea uliweza. Shangazi alipiga kila baada ya siku mbili. Nyanya alikwenda, akirudi ananiambia ni wazima, wanangoja zamu, na mimi niliutazama uso wake nione kama ni uso wa jikoni. Sikuweza kuujua. Wakubwa wana nyuso za kila kazi.

Jumapili asubuhi, tukila mahamri, nyanya akasema kuna nyenje amelia usiku kucha ndani ya nyumba.

"Hiyo nyenje yako, mwanangu, yataka nini usiku?" aliniuliza.

Nilimjibu kwamba si yangu. Nililisema haraka, kwa hofu ya kunyang'anywa. Nilikuwa nimelala usingizi wa watoto, sikuwa nimesikia kitu, na nilijiambia nyanya ameota, au ni nyenje wa kweli kwenye makuti. Lakini ndani yangu sehemu fulani haikuamini, maana usiku ule nilimfunga kuku ndani ya leso mbili, nikamtia katika sanduku la nguo, nikafunga kifuniko. Nilifanya hivyo ili asisikike. Nataka kusema nilifanya kwa kumlinda, lakini nilifanya kwa sababu nilimwogopa nyanya kuliko nilivyomwonea huruma kuku.

Jumatatu alfajiri, baada ya kuswali, nilifungua sanduku. Kwenye kioo hapakuwa na kuku. Palikuwa na kitu chenye mabawa, kimesimama hewani, na nyota ndogo zikimetameta kandokando.

Mtoto mwingine angeona ni mchoro wa kuchekesha. Mimi nilisoma chuoni nani huja na mabawa kuchukua roho. Nilikaa sakafuni mgongo umeegemea sanduku, na nilichowaza ni kimoja tu. Nimemuua. Simaanishi kuku.

Sikwenda chuoni. Nilikwenda kwa fundi, nikamkuta ndio kwanza anafungua kufuli la kibanda. Alikitazama kidude, akabonyeza, akaona saa. Akatazama saa yake ya mkononi. Akaniuliza niliitoa wapi saa ile. Nikamwambia ukutani kwa nyanya, na nyanya huiweka magharibi. Ilimchukua kitambo kuelewa, na alipoelewa alicheka kicheko kirefu cha mtu aliyepata hadithi ya kwenda nayo kwao. Alinieleza huku akijifuta macho. Kwa kuku saba ilikuwa saa moja asubuhi, akadhani mchana ni alfajiri, kwa hivyo alilala. Akadhani usiku wa manane ni jioni, kwa hivyo alikuwa macho, ana njaa, akiita. Aliita siku nne mfululizo watu wote wamelala.

Aliponiona uso wangu akaacha kucheka. Akaniambia si neno, akabonyeza vitufe viwili pamoja, na kwenye kioo likatokea yai likitikisika. Nikamwuliza kama ni yule yule.

"Huyu ni mwingine," alisema. "Yule amekwisha, lakini nani atajua?"

Aliweka saa kwa mkono wake mwenyewe. Yai likapasuka kabla sijafika nyumbani.

Kesho yake, Jumanne, saa moja unusu asubuhi, mke wa yule wakala akaja mbio uani kuniita mimi, si nyanya. Simu ilinitaka mimi. Sijui nilifikaje kule. Nakumbuka mkono wa simu ulikuwa mzito na unanuka mafuta ya nywele, na nyanya amesimama nyuma yangu akishikilia bega langu. Nilikuwa sijapata kuzungumza kwenye simu maishani mwangu. Sauti ya binamu yangu ilitoka ndani ya kitu kile, ndogo, karibu sana na sikio, na nikaikumbuka ile nukta ya televisheni. Aliniambia wanampeleka ndani sasa hivi. Wamemvisha gauni la kijani lisilo na mgongo. Kisha akaniuliza.

"Yu hai?"

"Yu hai," nikasema.

"Ana miaka mingapi leo?"

Mimi, mbumbumbu wa hesabu, sijapata kupiga hesabu upesi kama ile. Aliniachia kuku ana mitano, zimepita siku kumi.

"Kumi na mitano."

"Sawa," akasema, na nikamsikia akivuta pumzi. "Ndivyo nilivyoandika." Alikuwa akiandika umri wa kuku kila asubuhi pembeni mwa daftari la hesabu, akiwa kitandani hospitalini. Kisha simu ikachukuliwa na shangazi, na mimi nikampa nyanya mkono wa simu.

Nimeogopa mara nyingi tangu hapo, kwa sababu za maana zaidi. Nimeogopa leba, nimeogopa polisi, nimeogopa daktari akinyamaza juu ya karatasi. Sijapata kuogopa kama siku ile. Nilikaa barazani nimemshika kuku mpya mwenye umri wa mwaka mmoja, na nilijua kwamba binamu yangu ameingia mle ndani akishikilia uongo wangu. Kila dakika niliitazama ile mioyo. Niliwaza kuikimbilia simu niseme kweli, lakini ilikuwa na kufuli, na nani angeipeleka kweli yangu hadi kwenye kitanda cha upasuaji? Nyanya alisoma uradi tangu asubuhi bila kuinua macho. Hakupika. Watu wa mtaa walikuja wakakaa, wakaondoka. Adhuhuri ikapita. Alasiri ikapita. Kabla kidogo ya magharibi mke wa wakala akatokea tena langoni, akitembea, hakimbii, na mimi nikaziba masikio kwa viganja.

Nyanya alinitoa mikono masikioni mwenyewe. Alisema ametoka. Amefungua macho na ameomba maji.

Nililia mpaka nikalala pale pale barazani. Na nilipoamka, niliyemkumbuka kwanza hakuwa Mungu wala binamu yangu. Nilikumbuka kwamba sasa atarudi, na atataka kuku wake.

Alirudi Jumamosi, wiki nne kamili baada ya kuondoka. Alikuwa amekonda, na kovu lilianza chini ya shingo likaingia ndani ya gauni, lakini alipanda ngazi tatu za baraza mfululizo, na wanawake wote wakapiga vigelegele. Nilimngoja chumbani. Nilikuwa nimemtunza kuku yule wa pili kwa saa ya fundi bila kosa hata moja, ananawiri, mioyo yote minne imejaa. Nilijidanganya kwamba hataona tofauti.

Aliketi kitandani, akakipokea, akabonyeza kitufe cha umri kabla hata hajamsalimia kuku. Kikasema kumi na tisa. Akatoa daftari mkobani, akafungua ukurasa wa mwisho. Pembeni palikuwa na safu ya tarakimu kwa mwandiko wake, na ya leo ilikuwa thelathini na tatu. Akarudi nyuma kwa kidole, polepole, siku kumi na tisa. Kidole kikasimama Jumatatu.

Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia.

"Nilipokuuliza alikuwa ameshakufa," alisema.

"Naam."

"Ungeniambia nisingeingia. Ningeng'ang'ania mlango."

Nikasema ndiyo maana sikumwambia, na hapo nikawa nimesema uongo mwingine, kwa sababu sikuwa nimefikiri hivyo hata kidogo. Nilimdanganya kwa woga tu. Yeye alifunga daftari, akaliweka magotini. Huko ukumbini wakubwa walikuwa wakicheka na kunywa kahawa, na sauti ya shangazi ilikuwa juu kuliko zote. Binamu yangu aliisikiliza kwa muda, kichwa ameinamisha, na uso wake ukabadilika. Mimi nilimjua tangu utotoni na sikuwa nimewahi kumwona akiogopa. Sasa nilimwona. Tena uso ule niliujua, kwa sababu ulikuwa wangu.

"Mwengine nani alinidanganya siku ile?" akauliza.

Ningeweza kusema hakuna. Neno lilikuwa limeshafika ulimini. Lakini alikuwa akinitazama, na mkono wake mmoja ulikuwa juu ya lile kovu.

"Sote," nikamwambia.

Akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Hakuwauliza wakubwa kitu, siku ile wala baadaye. Lakini kila alipokuwa na miadi na daktari alinivuta kando akataka kujua nimesikia nini, na mimi, mwoga kuliko wote katika nyumba ile, nikawa msikilizaji wa milangoni, ili niwe na la kumwambia. Mwaka uliofuata iliamuliwa arudi Nairobi apasuliwe tena, na wakamwambia ni jambo dogo. Asubuhi ya safari alinifuata jikoni, akafunga mlango, akakaa juu ya gunia la mchele. Nikamwambia yote niliyoyasikia, neno kwa neno, hata yale ambayo mdomo wangu haukutaka kuyatoa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimemaliza. Nikasema nimemaliza. Akainuka, akajipangusa gauni, akatoka akaingia garini.